Kapsuli nyeusi na dawa ya tezi kwenye kiganja kimoja

Mama Mshauri, shikamoo.

Nina miaka 38, nimeolewa, na nina watoto wawili. Miaka sita iliyopita nilifanyiwa upasuaji, tezi yote ya shingoni ikaondolewa, na tangu hapo nameza levothairoksini, homoni ya tezi iliyotengenezwa kuwa kidonge, kila asubuhi. Usiku nameza vidonge vya uzazi wa mpango. Kwa muda mrefu nilikuwa naendelea vizuri, hata nikaanza kuruka miadi ya vipimo kwa kuwa sikuona haja.

Miezi mitano iliyopita nilianza kuchoka. Si uchovu wa kazi, huo naujua na nikilala unaisha. Huu naamka nao. Nywele zinabaki kwenye kitana, naingia chumbani nasahau nilichofuata, machozi yananitoka bila sababu. Rafiki yangu wa siku nyingi, ambaye najua hawezi kunitakia baya, akanikutanisha na mwalimu wa ditoksi, yaani kutoa sumu mwilini, anayefundisha kwa simu. Mwalimu alinitumia kidonge nikakimeza, nikakusanya mkojo wa saa sita, ukapelekwa kupimwa. Majibu yalirudi yamepigiwa mistari myekundu: madini ya risasi yako juu, zebaki iko juu. Akasema uchovu wangu wote unatoka hapo, na kwamba nahitaji vinasa sumu.

Akaniuzia kopo. Ndani kuna kapsuli zenye mkaa ulioamilishwa, udongo wa bentonaiti, madini ya zeolaiti na mwani wa klorela. Nimeze nne asubuhi tumbo likiwa tupu na nne usiku kabla ya kulala. Pamoja na hayo niache sukari na pombe, na saa tatu usiku niwe kitandani. Wiki ya kwanza nilijisikia mtu mpya, nikamsimulia kila niliyekutana naye. Wiki ya tatu uchovu ukarudi kwa nguvu kuliko mwanzo, kichwa kikawa kinauma, na choo nikawa napata mara moja kwa siku nne. Nilipomwuliza mwalimu, akasema hiyo ni dalili nzuri, sumu zinatoka. Niongeze hadi kapsuli sita. Sasa ni wiki ya tano.

Jumanne asubuhi nilikuwa nimesimama jikoni, kiganjani nina kidonge changu kidogo cheupe na kapsuli sita nyeusi, nataka kuzimeza pamoja kwa funda moja la maji kama nilivyozoea, maana zote zimeandikwa zimezwe tumbo likiwa tupu. Kapsuli moja ilikuwa imepasuka. Unga wake ulikuwa umekipaka kile kidonge cheupe chote. Nikakipangusa kwa kidole, hakikutakata. Nikabaki nakitazama, nikajiuliza: kama unga huu unang'ang'ania hivi kiganjani, tumboni je?

Mama mkwe wangu, ana miaka 69, anatumia warfarini kwa ajili ya moyo. Aliniona nilivyochangamka wiki ile ya kwanza na sasa anataka naye aanze, anasema ni vitu vya asili. Mume wangu anasema nitupe kopo. Rafiki yangu anasema nikiacha katikati, sumu zilizokwisha kung'olewa zitarudi mwilini na kunimaliza. Sijui nimsikilize nani. Nifanyeje?

Mwenye kopo jeusi

* * *

Marahaba, mwanangu.

Nianze na ya leo, maelezo yatafuata. Usimeze tena kapsuli hata moja. Dawa yako ya tezi endelea nayo kwa kipimo kilekile ulichoandikiwa, peke yake, kwa maji matupu, wala usijiongezee ukidhani unafidia. Mama mkwe asianze kabisa. Nunua kipimo cha ujauzito ukitumie kesho asubuhi, nitakwambia kwa nini. Na wiki hii hii, si mwezi ujao, nenda kwa daktari anayeshughulikia tezi yako.

Swali ulilojiuliza jikoni ni swali sahihi kuliko yote uliyoulizwa na mwalimu wako. Jibu lake ni ndiyo: tumboni ni hivyo hivyo, na zaidi.

Mkaa ulioamilishwa ni mkaa uliochomwa kwa namna maalumu mpaka kila chembe ikajaa vitundu visivyoonekana kwa macho. Ukivikunjua vitundu vyote vya gramu moja tu, eneo lake linafika mita za mraba 1,000 na kuendelea. Kitu kikipita karibu kinanasia kwenye kuta hizo na kutoka nazo chooni. Ndiyo maana hospitali huutumia kwa mtu aliyemeza dawa kupita kiasi. Lakini angalia wanavyoutumia: mtu mzima hupewa gramu 50 hadi 100 kwa mkupuo, ikiwezekana ndani ya saa moja tangu ameze, akiwa na fahamu zake ili asije akapaliwa ukaingia mapafuni. Kapsuli za dukani mara nyingi zina nusu gramu au chini ya hapo, kwa hiyo kipimo kimoja cha hospitali ni kama kapsuli mia moja au mia mbili. (Kwa sababu hiyohiyo, mtu akimeza sumu nyumbani msihangaike na kopo. Mkimbizeni hospitali.)

Mkaa hauna macho. Haujui hii ni sumu na hii ni dawa. Unanasa kile ambacho umbile lake linakipatia nafasi, na orodha ya vinavyoukwepa itakushangaza: pombe, madini ya chuma, lithiamu, na risasi. Ndiyo, mwanangu, risasi ileile uliyoambiwa imejaa mwilini mwako. Mkaa haushiki risasi vizuri, ila homoni ya tezi unaishika. Umekuwa ukimeza kitu kinachomwacha mwizi uliyeambiwa umfukuze na kumkamata mlinzi wako.

Kuhusu homoni hiyo sikisii. Zipo dawa za hospitali zenye kazi ya kunasa vitu ndani ya utumbo, mojawapo ni kolestiramini, iliyotengenezwa kwa ajili ya kushusha lehemu. Mgonjwa mwenye homoni ya tezi iliyozidi hadi kuhatarisha maisha, madaktari wakati mwingine humpa kolestiramini makusudi ili iizoe homoni utumboni. Homoni ya tezi ina safari ya kuzunguka: sehemu yake hutoka kwenye ini pamoja na nyongo, huingia utumboni, kisha hunyonywa tena kurudi kwenye damu. Ukiweka mtego utumboni unaikamata inapokuja asubuhi na unaikamata tena inapopita usiku. Kwa mtu aliyezidiwa na homoni hiyo ni tiba. Kwako wewe, ambaye huna tezi ya kutengeneza nyingine, ni hasara tupu. Ndiyo sababu mtu anayetumia levothairoksini huambiwa aitenganishe kwa angalau saa nne na vidonge vya chuma, kalisi, dawa za kiungulia zenye alumini, na dawa zote za kunasa. Wewe ulikuwa unavimeza kwa funda moja.

Sasa tazama wiki zako tano upya. Levothairoksini haitoki mwilini kwa siku moja. Huchukua takriban siku saba kupungua hadi nusu. Kwa hiyo mtu akianza kunyang'anywa dawa yake leo, kesho hajui. Wiki ya kwanza bado anatumia akiba, na kama wiki hiyohiyo ameacha pombe na sukari, akawa analala saa tatu usiku, lazima atajisikia vizuri. Uzuri ule ulikuwa wa kweli, ni wako, na kopo halikuwa na haja ya kuwepo. Wiki ya tatu akiba inapungua. Uchovu unarudi, choo kinafunga, kichwa kinakuwa kizito. Hizo ni dalili za homoni ya tezi kupungua, kama zilivyoandikwa katika kitabu chochote cha tiba. Wewe ukaambiwa ni sumu zinatoka, uongeze. Ukaongeza mtego, nao mtego ukanasa zaidi.

Siwezi kuapa kwamba ndivyo ilivyokuwa bila kuona kipimo chako cha TSH, kile cha damu ambacho hupanda homoni ya tezi inapopungua. Udongo na mkaa peke yake vinafunga choo, na kukosa choo siku nne kunatosha kumwumiza mtu kichwa. Ila mpangilio wa dalili zako unanitia wasiwasi mkubwa, na maneno ya mwalimu yananiudhi kwa niaba yako. Tiba ambayo ukipata nafuu inasifiwa na ukizidiwa inasifiwa vilevile, mgonjwa hana namna ya kujua lini inamdhuru.

Maneno hayo ya “sumu zinatoka” yana asili yake. Mwaka 1895 daktari Adolf Jarisch, na mwaka 1902 Karl Herxheimer, waliandika juu ya wagonjwa wa kaswende waliopata homa na baridi saa chache baada ya kuanza tiba, kwa sababu bakteria walikuwa wanakufa kwa wingi mara moja. Ni jambo la kweli, huja ndani ya siku ya kwanza na huondoka upesi. Wauzaji wa ditoksi wameliazima jina na kulitandaza juu ya kila maumivu ya kichwa na kila kuhara, kwa wiki na miezi. Dalili zako zilianza wiki ya tatu na zinaendelea. Hazifanani.

Tuje kwenye karatasi yenye mistari myekundu. Umesema ulimeza kidonge kwanza, ndipo ukakusanya mkojo. Kidonge cha namna hiyo kwa kawaida ni dawa inayoshika madini mwilini na kuyasukuma kwenye mkojo. Kila mmoja wetu ana chembe za risasi na zebaki mwilini, kwa kuwa tunakula, tunakunywa na kuvuta hewa ya dunia hii. Ukimpa mtu yeyote dawa hiyo, mkojo wake wa saa chache zinazofuata utaonyesha madini mengi kuliko kawaida. Kisha maabara inalinganisha mkojo huo uliosukumwa na viwango vya watu ambao hawakumeza chochote. Hapo nani atakosa mstari mwekundu? Chama cha wataalamu wa sumu cha Marekani kimesema wazi kwamba kipimo cha mkojo wa kusukumwa hakijathibitishwa na kisitumiwe kumwambia mtu ana sumu ya madini. Ukitaka kujua kuhusu risasi, kipimo ni damu ya mshipani, bila kumeza kitu kabla. Mwambie daktari kama umewahi kufanya kazi na betri, rangi za zamani, kuyeyusha vyuma au kuchenjua dhahabu. Kama kuna risasi kweli, kazi ya kwanza ni kutafuta inakotoka na kuikata. Dawa za kuitoa zipo, lakini ni za daktari, na hutolewa kwa wachache ambao kiwango chao kimepimwa kikaonekana kinazihitaji.

Naomba usinielewe kwamba wazo lote la kunasa sumu ni uongo. Si uongo, na hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu ukijua linavyofanya kazi linapofanya kazi, hutadanganywa tena.

Mwaka 1975 huko Hopewell, katika jimbo la Virginia nchini Marekani, wafanyakazi wa kiwanda kilichotengeneza dawa ya kuua wadudu iitwayo Kepone walianza kutetemeka mikono, macho yakawa yanachezacheza, wengine hawakuweza kushika kikombe. Walipopimwa, dawa hiyo ilikutwa kwenye damu yao. Watafiti wakagundua kwamba ini lilikuwa linaitoa kwenye nyongo, ila utumbo ulikuwa unainyonya tena na kuirudisha, ile safari ya mzunguko niliyokueleza. Wakawapa kolestiramini ikae pale njiani na kuikamata. Matokeo yalichapishwa mwaka 1978: muda wa sumu hiyo kupungua hadi nusu kwenye damu ulikuwa umefupishwa karibu mara mbili.

Mwaka 1987 mjini Goiânia, Brazili, watu waliokuwa wakikusanya vyuma chakavu walifungua mashine ya mionzi iliyoachwa kwenye kliniki iliyohamwa. Ndani mlikuwa na unga wa sesiamu-137 uliong'aa rangi ya buluu gizani, watu wakaugawana na kujipaka. Wanne walikufa, na watu 249 walikutwa na sesiamu mwilini au juu ya ngozi. Baadhi yao, 46, walipewa dawa iitwayo bluu ya Prussia, ambayo hainyonywi bali hubaki utumboni na kuikamata sesiamu inapopita. Kwa mtu mzima, sesiamu huchukua siku 110 hivi kupungua hadi nusu. Kwa dawa hiyo hushuka hadi siku 30 hivi.

Hebu zitazame habari hizo mbili kwa makini. Sumu ilijulikana kwa jina, ikapimwa ndani ya kila mtu kabla ya tiba na baada yake. Ilijulikana kwamba inapita utumboni. Kinasa sumu kilichaguliwa kwa sababu kinaishika sumu ile, na wagonjwa walikuwa mikononi mwa madaktari. Kopo lako linasema “sumu” tu, bila jina, na halikuambiwa wewe unaishi kwa homoni ya kidonge.

Halafu tukumbuke kwamba kopo lenyewe linaweza kuwa na uchafu. Udongo unachimbwa ardhini na unakuja na vilivyomo ardhini. Mwaka 2016 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliwaonya watu waache bidhaa mbili za udongo wa bentonaiti baada ya maabara zake kukuta risasi ndani yake. Mtu anakunywa udongo kutoa risasi, kumbe anaongeza. Bentonaiti na zeolaiti zote mbili pia zina alumini ndani ya umbile lake, jambo ambalo mwenye figo dhaifu hapaswi kulichezea. Hata nchini Marekani kwenyewe, chini ya sheria ya mwaka 1994, virutubisho vinaingia sokoni bila mtengenezaji kulazimika kwanza kuthibitisha mbele ya serikali kwamba vinatibu. Neno “asili” kwenye lebo halijapimwa na mtu.

Kuhusu mama mkwe, hapa sina upole. Warfarini ni dawa inayotembea juu ya uzi. Ikipungua damu inaganda, ikizidi damu inavuja, ndiyo maana anapimwa damu mara kwa mara. Kopo hilo linaweza kumvuruga kwa njia mbili kwa pamoja: mkaa unaweza kuinasa warfarini isifike kwenye damu, na klorela ina vitamini K nyingi, ambayo ndiyo hasa warfarini inapambana nayo. Zote mbili zinamsukuma upande wa damu kuganda. Kuna la tatu ambalo watu hawalifikirii. Mtu anayetumia warfarini akianza kuvuja damu tumboni, ishara inayomwokoa ni choo cheusi, kinachonata, chenye harufu kali. Anayemeza mkaa choo chake ni cheusi kila siku. Atavuja akidhani ni mkaa. Mweleze hilo la choo kwa maneno hayohayo, ukiwa umekaa naye. Wazee wengi husikiliza habari ya choo kuliko habari ya vitamini. Na kama amekwisha kuonja hata siku mbili, kliniki yake iambiwe ili wampime.

Nilikwambia upime ujauzito. Vidonge vya uzazi wa mpango umekuwa ukivimeza usiku, na kapsuli usiku pia. Homoni zake nazo zinaweza kunaswa. Uchovu, kulia bila sababu na kufunga choo vinaweza kuwa dalili za mimba changa kama vilivyo dalili za tezi. Kama kuna mimba, mtoto anahitaji homoni yako ya tezi iwe sawa tangu wiki za mwanzo, na daktari atataka kujua siku hiyohiyo. Kama hakuna, rudia kipimo baada ya wiki tatu, na mtumie kondomu mpaka utimize vidonge saba mfululizo tangu kapsuli ya mwisho. Kama mmekutana siku tano hizi zilizopita, mweleze mfamasia, kuna anachoweza kukusaidia.

Rafiki yako anahofia sumu zitarudi ukiacha. Kilichonaswa na mkaa au udongo kimo utumboni, kinatoka na choo. Hakuna ghala linalosubiri uache ili limwage. Ninachotaka ni hicho choo kitoke: kunywa maji ya kutosha, tembea, na kama siku mbili zijazo hakijatoka mwombe mfamasia dawa ya kulainisha, ukitaja ya tezi. Ukipata maumivu makali ya tumbo, kutapika, tumbo kujaa na hata upepo hautoki, usisubiri mtu akushauri kwa simu. Nenda hospitali. Vilevile ukijikuta unasikia baridi kupita kiasi, uso umevimba, unasinzia mchana na maneno yanakuwa mazito mdomoni. Usimlaumu rafiki yako. Alikupa alichokiamini. Mwonyeshe kile kidonge kilichopakwa mkaa, kama hukukitupa.

Baadhi ya wasomaji wataniuliza: je, asiyetumia dawa yoyote? Kwake hatari ni ndogo, siwezi kumdanganya. Ila bado namwuliza anataka kutoa nini, na atajuaje kimetoka. Figo zake zinachuja lita 180 hivi kwa siku na ini halilali. Hivyo viwili vikishindwa, mtu anahitaji hospitali, kapsuli hazitavibeba. Kama amekwisha kuamua, basi achague kitu kimoja na si mchanganyiko wa vinne, chenye namba ya toleo na cheti cha maabara huru kinachoonyesha risasi imepimwa. Atumie siku chache, mbali na chakula na vitamini zake, aache mara choo kinapofunga. Mjamzito, anayenyonyesha, mtoto, mgonjwa wa figo, aliyewahi kuziba utumbo: hao wasiguse. Mwenye kifafa naye asidhani saa nne za kutenganisha zitamlinda. Hospitali hutumia mkaa wa kurudiarudia kuivuta kabamazepini, dawa ya kifafa, hata baada ya kuingia kwenye damu, kwa hiyo unaweza kumwondolea dawa yake hata akiimeza asubuhi na mkaa jioni.

Nimekaa dirishani nikigawa dawa miaka mingi, na swali la “unatumia dawa nyingine yoyote?” karibu kila mara hujibiwa “hapana”, kwa kuwa moyoni mwake mtu anaona mkaa si dawa, udongo si dawa, majani si dawa. Nakusihi usijibu hivyo wiki hii. Ingia kwa daktari na kopo lenyewe mkononi. Akikupima TSH leo bila kujua habari zake, huenda akaikuta imepanda, akaona dozi haikutoshi, akaiongeza. Wewe utakuwa umeacha kapsuli, dawa yote itaanza kuingia tena, na baada ya wiki chache moyo utakuwa unakwenda mbio, hulali, mikono inatetemeka, na hakuna atakayejua kwa nini. Akijua, anaweza kuamua kusubiri: akupime sasa apate picha, kisha akupime tena baada ya wiki sita hadi nane za kumeza kidonge chako peke yake. Mwombe pia apime wingi wa damu, akiba ya chuma, sukari, ini na figo, kwa kuwa uchovu wako ulianza miezi mingi kabla ya kopo na bado hatujajua ulianzia wapi. Mwambie na habari ya kulia bila sababu. Hiyo nayo ina vipimo na ina tiba.

Majibu yakitoka, niandikie tena. Nataka kuijua hiyo namba ya TSH.